Salamu za Krismasi kutoka Kansas

Heri ya Krismasi, ndugu na jamaa zangu wa Dodoma na kote mliko. Huku mahindi yameshavunwa, ngano iliyopandwa Septemba imetoa vijani na kujikunyata, na upepo wa tambarare hauna wa kuuzuia. Siku kama hizi mawazo yangu huenda Nicodemus.

Ni kijiji cha kaskazini-magharibi mwa jimbo hili, kilichoanzishwa mwaka 1877. Wamarekani Weusi kama 300, wengi wao waliozaliwa utumwani, walitoka Kentucky baada ya vipeperushi kuwaambia ardhi ipo. Treni ikawafikisha Ellis, na kutoka hapo zikabaki maili 35 za mikokoteni na miguu. Walifika Septemba. Jamani, mkulima gani anahamia shamba jipya Septemba, baridi ikiwa mlangoni? Muda wa kulima umepita, miti ya kujengea hakuna. Basi wakachimba.

Willianna Hickman alifika 1878 na mumewe. Wenzao wakashangilia, Nicodemus ile! Yeye anaangaza macho, haoni hata nyumba moja. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini, huku mmoja, kule mwingine. Ndiyo hiyo. Mama wa watu akaanza kulia. Sisi tunaijua tembe ya udongo, lakini tembe angalau husimama. Hizi zilikuwa mashimo ubavuni mwa mwinuko, yameezekwa majani na udongo. Motoni walitia mabua ya alizeti na samadi kavu.

Chakula kilipowaishia, inasimuliwa hadi leo, wawindaji wa Osage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakitoka mawindoni waliwagawia nyama. Hapa ndipo ninapokwama kila mara. Waosage wenyewe walikuwa wameondolewa Kansas miaka michache tu nyuma, ili walowezi wapate mashamba. Kumbe aliyenyang'anywa ndiye aliyewalisha wageni.

Theluji ilipoyeyuka wakalima kwa majembe ya mkono, maana farasi walikuwa wa kuhesabu. Haikupita miaka kumi wakawa na shule, makanisa, hoteli, hata gazeti lao. Mwaka 1888 reli ikapita kando, na wenye maduka wakaifuata. Leo wakazi ni wachache mno. Ila kila mwisho wa Julai wajukuu hurudi kutoka majimbo ya mbali kusherehekea ukombozi wa watumwa, magari yamejaa vyungu na watoto, utadhani Wachaga wanapanda Moshi Desemba.

Mimi mwaka huu sipandi popote. Nauli imenishinda, na zamu yangu ya kazi imeangukia tarehe 25 yenyewe. Mama, shikamoo. Najua utanipakulia pilau kwa mazoea. Sahani hiyo isilale kabatini. Mpe wa kwanza atakayepiga hodi, hata kama humjui.