Salamu za Mwaka Kogwa: bakuli la maji

Shikamooni wazee wangu, na salamu kwenu nyote wana wa Makunduchi, mlioko nyumbani, Dar na Maskati. Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya ya Makunduchi, Zanzibar, umetukuta tena, tunamshukuru Mola.

Nisiwafiche, safari hii watakaopigana kwa migomba, kama desturi ya siku hii, ni watu waliochoka. Mchele umepanda, sukari ndiyo usiseme, na bomba letu mwezi wa tatu sasa linatoa upepo tu. Tumeuliza, tumejibiwa tusubiri. Dumu la lita 20 nalinunua shilingi 500, kisha nalipima kwa kikombe kama dawa.

Labda ndiyo maana nimezama katika ngano za Waajemi, ambao jina la Nairuzi, mwaka wetu huu mpya, limetoka kwao. Watu wa nchi ya ukame wanayajua maji. Wanasimulia nyota Tishtar alivyoshuka baharini kwa umbo la farasi mweupe mwenye masikio ya dhahabu, akapambana na Apaosh, shetani wa ukame, farasi mweusi mwenye kipara. Siku tatu, usiku na mchana. Tishtar akashindwa, akakimbia huku akilia. Kisa? Watu hawakumtaja jina katika dua zao. Ikabidi Ahura Mazda mwenyewe, mungu mkuu wa Waajemi wa kale, amwombee. Akapewa nguvu za farasi kumi, ngamia kumi, mito kumi, akarudi, na adhuhuri akashinda. Mvua ikashuka. Hadi leo, sikukuu ya Tirgan mwanzoni mwa Julai, humwagiana maji, wiki chache tu kabla yetu hatujaenda kukoga. Dini hiyo ya kale si yetu, lakini pale pa kusahauliwa jina pamenigusa.

Maana na sisi tumesahau. Mtu ana tangi juu ya paa, jirani yake hana maji ya kumkoshea mtoto! Tunatukanana kisimani, kisha tunashuka pwani kuoga nuksi. Nuksi gani itatoka? Mfalme Iskandar, kwa simulizi ya Firdausi, mshairi wa Kiajemi, aliyafuata maji ya uhai na jeshi lake akarudi mtupu. Aliyeyanywa ni Khidhri, mwonyesha njia tu. Ndugu zangu, tusameheane kabla hatujalowa.

Waajemi hao hao, mtu akisafiri, humwaga bakuli la maji nyuma yake ili arudi upesi. Mama alipotolewa kwenda hospitali, mwezi wa Shaaban, sote tulikuwa tunahangaikia nauli ya teksi. Hakuna aliyemwaga maji. Najua yasingemrudisha. Hata hivyo, kila nikifungua mlango ule, jicho linakwenda kwenye kizingiti, kikavu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, atujaalie mwaka wa kheri, afya, riziki na mvua ya wastani. Alfajiri nitakuwa pwani na ndoo ya Mama ya bluu, ile yenye mkono wa kamba. Atakayewahi anishikie nafasi.

Mwaka mwema.