Asitie saini kwanza

Staten Island, New York
Jumapili, 20 Aprili 2008

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mwanao sijambo, afya ipo, kazi ipo, na baridi ya huku imeanza kuniachia masikio. Barua hii inakuja na yule dada wa Chumbageni, anasafiri Alhamisi. Ana mizigo mingi, kwa hiyo msimchelewe kumfuata, asije akaiacha kwa watu.

Wifi, najua ni wewe utakayemsomea Mama. Soma polepole na usiruke mahali, hata pale utakapoona nimekutaja.

Mama, siku ile kadi ya simu iliisha nikiwa bado sijajibu, na wewe ulikuwa umeshapandisha sauti. Nilichopata ni hiki: kitinda mimba wako ameacha kazi ya bandarini, anashinda na gitaa kibarazani, amerekodi nyimbo kumi, na kuna msambazaji wa Dar amezisikiliza akazipenda. Anatoa milioni moja na laki mbili, mara moja, taslimu. Kijana atie saini, akabidhi masta, yaani ile rekodi ya asili, mambo yaishe. Baba Mdogo ameshaanza kuulizia bei ya pikipiki. Nawe ukasema, asaini achukue hela, tumalize habari ya gitaa humu ndani.

Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Simu ingenila kadi tatu.

Unaijua kazi yangu. Namtunza bibi mmoja, miaka tisini kasoro, namwogesha, nampikia, namkumbusha dawa. Alhamisi usiku bibi huyo hana mjadala, lazima aangalie Grey's Anatomy, tamthilia ya madaktari. Mimi hukaa naye nakunja nguo, nani kamwacha nani sijui. Sasa mwaka jana mwezi wa tano, siku ya kufunga msimu, wale watu wakaacha kusema kabisa. Wanalia tu, na wimbo ukaachiwa peke yake. Sauti ya mwanamke, ndogo, isiyojitutumua, kama mtu anayejiimbia jikoni anaosha vyombo hajui kama kuna anayemsikia. Nikabaki na shati mkononi sijalikunja.

Mjukuu wa bibi alipokuja Jumapili nikamuuliza. Akacheka. Huyo ni mtoto wa hapahapa kisiwani, anaitwa Ingrid Michaelson.

Hapahapa! Mama, New York mnayoiona kwenye kalenda siyo hii. Staten Island ni kisiwa ambacho wenzetu wa mjini hukikumbuka wakipotea njia. Tunavuka kwa kivuko kikubwa cha rangi ya machungwa, cha bure, dakika 25, unapita kando ya lile sanamu la mwanamke mwenye mwenge. Ukishuka upande wetu ni nyumba za kawaida, maduka ya piza na watu waliochoka kazi. Kila nikikipanda nakumbuka kivuko cha Pangani, ila hiki hakuna anayekuuzia karanga.

Basi nikaanza kumfuatilia huyo dada. Babake ni mtunzi wa muziki, mamake ni msanii wa kuchonga na ndiye mkurugenzi wa makumbusho ya kisiwa hiki, kwa hiyo hakutoka nyumba isiyojua sanaa, hilo niliseme mapema. Chuo alisomea maigizo. Akarudi nyumbani, akawa anafundisha watoto maigizo apate riziki, na usiku anaimba kwenye vijimgahawa, yeye na kinanda au gitaa. Mwaka 2006 akatoa albamu kwa nguvu zake mwenyewe, *Girls and Boys*. Hakuna lebo kubwa, yaani kampuni ya muziki, nyuma yake. Nyimbo akaziweka kwenye MySpace, ukurasa wa bure wa intaneti ambako kila mwenye gitaa Marekani hii ameweka zake.

Humo ndimo alimokutwa na mtu ambaye kazi yake ni kutafutia televisheni nyimbo. Ndiyo, ipo kazi ya namna hiyo. Tamthilia inataka wimbo wa kuachana, yeye anautafuta. Nyimbo zake kadhaa zikaingia Grey's Anatomy kabla hata ya ule ulioniachisha shati. Halafu vuli ya mwaka jana duka la nguo la Old Navy likachukua wimbo wake, *The Way I Am*, likautia kwenye tangazo la sweta. Wimbo wenyewe una mstari unaotaja sweta, nadhani hapo ndipo walipompendea. Vyombo vichache mno, gitaa, makofi, sauti. Haufiki hata dakika 3. Lilikuwa likitoka kila nikikaa, mpaka bibi akawa anausindikiza kwa kidole juu ya mkono wa kiti. Watu wakaanza kuulizana nani anaimba, wakaununua, ukapanda chati ya Billboard, ile orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani, mpaka namba 37. Mtu asiye na lebo kubwa, Mama, kapenya katikati ya wenye mabasi na wapiga picha.

Lakini siyo umaarufu ninaotaka umwambie kijana. Umaarufu atausikia mwenyewe redioni. Hapa ndipo nataka Wifi asome mara mbili.

Ukiuza nazi za msimu huu, mnazi unabaki wako, msimu ujao unaangua tena. Ukiuza mnazi, nazi zote zitakazoangukia pale hata miaka arobaini ijayo ni za mwenzio, nawe ukiokota moja unaitwa mwizi. Wimbo nao una minazi miwili. Mmoja ni utunzi, yale maneno na sauti iliyotoka kichwani. Wa pili ni ile rekodi yenyewe, ndiyo masta. Televisheni ikitaka wimbo inapaswa kuwalipa wenye minazi yote miwili. Wanaosaini lebo kubwa, mnazi wa pili kwa kawaida huwa wa kampuni, wakati mwingine na kipande cha ule wa kwanza. Kwa hiyo anayetaka wimbo anapiga hodi milango mitatu minne, na hela ikishuka inagawanywa huko juu kwanza, mwimbaji anapata matone.

Ingrid aliandika mwenyewe, akarekodi kwa gharama zake, na minazi yote miwili ikawa ya kwake. Anayeutaka wimbo anapiga mlango mmoja. Hilo peke yake, naona mimi, liliwavuta wale wa televisheni, maana wana haraka na hawapendi kuzungushwa. Na wimbo ukinunuliwa kwenye intaneti kwa ile dola moja kasoro senti moja, fungu kubwa linamrudia yeye. Jina lake likavuma kwa lile tangazo, Septemba albamu ikatolewa upya iingie madukani. Hata hapo hakuuza shamba. Akaingia ubia na kampuni ndogo ya kuisambaza, na jina la lebo yake mwenyewe, Cabin 24, likabaki palepale.

Nilipoelewa hayo, Mama, nilimkumbuka Mjomba.

Najua hupendi atajwe. Lakini kwa nini unalichukia gitaa kama siyo yeye? Ulinisimulia mwenyewe tukipeta mchele: walipanda basi hadi Nairobi, kaka yako na wenzake, wakarekodi santuri siku mbili, wakalipwa nauli na hela ya kula na kidogo cha mkononi. Wakasaini karatasi ya Kiingereza ambayo hakuna hata mmoja aliyeisoma akaimaliza. Ukasema alirudi na shati jipya la maua, na Barabara ya Kumi na Mbili nzima ikaja kulitazama. Halafu wimbo ukapigwa harusini, ukapigwa redioni, ukapigwa kwenye mabaa, hata leo siku za zilipendwa unaupata. Na Mjomba kafa gitaa likiwa rehani kwa muuza mkaa. Miaka yote hiyo tumesema muziki ndio uliomla. Mimi sasa naona ile karatasi ndiyo iliyomla. Na karatasi ile ni ndugu yake hii ya huyu bwana wa Dar, imebadilisha lugha tu.

Milioni moja na laki mbili gawa kwa nyimbo kumi. Laki na ishirini kila mmoja, na hana tena haki nao hata akifikisha miaka sitini. Pikipiki ya Baba Mdogo itakuwa imekufa injini kabla ya Ramadhani ya mwaka kesho kutwa. Mwambie namheshimu, shikamoo yake, lakini pikipiki atafute njia nyingine.

Sitaki pia mkadhani namdanganya kijana. Hapa kuna televisheni elfu na moja zinazolipa wimbo. Tanga tunayo nini? Huyo dada alikuwa na kipaji, akawa na bahati, akawa na lugha inayosikilizwa dunia nzima, na wazazi wanaoelewa. Vijana wenye gitaa niwaonao kwenye kituo cha kivuko wanaimba vizuri vilevile na kofia zao zina sarafu tatu. Hata nyimbo zake siyo zote ninazozipenda. Nyingine ni tamu kupita kiasi, kama chai ya msibani kwa matajiri. Ninaoupenda kabisa ni *Breakable*, anaimba juu ya mifupa na moyo, jinsi vyote vilivyo vyepesi kuvunjika. Bibi aliteguka nyonga mwezi wa kwanza, nikawa nalala kwenye kiti kando ya kitanda chake, na ule wimbo ukanirudia usiku kucha bila kupigwa.

Kijana wetu naye anacho chake. Ule wimbo alioniimbia kwenye simu, wa mvuvi aliyekuta ngalawa imehama, sikumwambia, lakini nililia. Una kamdundo ka ngoma zetu za Digo chini yake na gitaa kavu juu. Huku wangeuita sijui nini, lakini wangenyamaza wausikilize. Mtu mwenye wimbo wa namna ile hauzi mnazi kwa shida ya wiki mbili.

Sasa afanye hivi. Kwanza, karatasi asiitie saini. Akae nayo, aipeleke kwa yule mwalimu wa sekondari jirani yenu aisome yote, mpaka maandishi madogo ya chini. Pili, aende COSOTA Dar, wale wanaosimamia hakimiliki, akasajili nyimbo zote kumi kwa jina lake, kabla huyo bwana hajapata wazo. Nauli nitaitoa mimi. Tatu, amrudie msambazaji kwa adabu, bila kugombana, amwambie: mzee, nakupa ruhusa ya kutoa kanda na CD kwa miaka miwili, tuandikiane idadi, masta inabaki kwangu. Akikubali, hata akitoa laki nne, achukue. Akikataa amshukuru, arudi zake Tanga. Hela ya kudurufu nakala za mwanzo nitaleta mwezi ujao, dola mia tatu, na nakuomba hizo zisipitie mkono wa Baba Mdogo.

Na bandarini arudi. Hili najua utanifurahia, Mama, ila nalisema kwa sababu yangu. Huyo Ingrid hakuacha kufundisha watoto akakaa kibarazani kungoja televisheni. Mwenye mshahara hata mdogo anaweza kumwambia mtu wa karatasi subiri. Mwenye njaa anasaini. Aombe zamu ya asubuhi, jioni apige gitaa lake, nawe umwache apige. Ukiona makelele, mtume afanyie ufukweni Raskazone, upepo wa kule utamsaidia sauti.

Wifi, sasa zamu yako. Nimesikia ndiye wewe unayemwitikia nyuma kwenye rekodi, nyimbo nne. Basi muandikiane na nyinyi, hata kwenye karatasi ya daftari, nani kafanya nini na nani anapata kiasi gani. Msicheke. Undugu hauzuii kuandikiana.

Kwenye mzigo kuna dawa yako ya magoti Mama, mara mbili kwa siku baada ya kula, siyo ukikumbuka. Kuna viatu vya watoto, namba nimekisia. Nyuzi za gitaa pakiti tatu, asizigawe kwa marafiki. Na CD ya *Girls and Boys*, nimeinunua dukani kwa hela halali ili naye aone jina la Cabin 24 lilivyoandikwa nyuma, herufi ndogo. Nimeizungushia lile sweta la kijani. Mwaka jana ulinicheka kwamba mtu wa Tanga apewe sweta la nini, basi hili sikukuletea uvae, ni la kuikinga CD isivunjike njiani. Likishafika mlifunikie redio, vumbi la barabara yetu nalijua.

Wasalimie wote, na watoto wote wabusu.

Mwanao wa kwanza