Kabla Hujanunua Monita Nyingine

Wateja wengi hutuletea monita wameikumbatia kifuani wakisema imekufa. Tukiichomeka hapa dukani, inawaka. Kama yako inaandika "No Signal", hiyo ni nzima: umeme inapata, na maandishi imeweza kukuonyesha. Inacholalamikia ni kwamba haipokei picha kutoka kwenye CPU, yaani lile kasha la kompyuta. Basi monita iache nyumbani, na hata CPU usiibebe kabla hujajaribu haya.

Anza na kebo. Geuza CPU uangalie nyuma. Ikiwa imeongezwa kadi ya picha, utakuta matundu ya monita sehemu mbili: juu, jirani na ya USB, na chini kwenye kadi yenyewe. Mashine nyingi zikishaiona kadi huyazima yale ya juu, kwa hiyo chomeka chini. Kisha hakikisha monita imechaguliwa kebo unayotumia; HDMI na VGA ni aina mbili za kebo za picha, na iliyowekwa HDMI inaweza isihangaike kabisa na VGA.

Picha ipo ila rangi zimeharibika? Kebo ya VGA ina nafasi 15 za pini, na pini tatu za kwanza hubeba nyekundu, kijani na bluu, kila moja na yake. Bluu ikikatika, palipokuwa peupe panakuwa njano. Kijani kikikatika, kila kitu kinageuka pinki iliyokolea. Pini iliyopinda inyooshe taratibu kwa kibano. Ukikuta nafasi ya 9 ni tupu usishtuke, kebo nyingi hutengenezwa hivyo.

Kebo ikiwa safi, feni inazunguka, CPU inapiga "pii, pii" na picha haiji, sisi humshuku RAM kwanza, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ndani ya CPU, hasa kwenye hizi desktop za mtumba zilizokaa na vumbi na unyevunyevu wetu wa pwani. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha, toa RAM, futa meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa vumbi la raba, irudishe mpaka vibanio viseme "tak". Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Msasa hapana, jamani! Unakwangua dhahabu yote, na hiyo RAM hatutaweza kukurudishia.

Kuna kosa moja ambalo kweli ni la monita: skrini nyeusi, lakini ukiimulika kwa tochi ya simu unaona picha kwa mbali. Hapo taa ya nyuma ya kioo haiwaki. Usiifungue mwenyewe, ndani kuna sehemu zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Ilete tuipime. Kioo kikiwa kimepasuka tutakuambia ukweli: kwa monita ndogo, mara nyingi bei ya kioo inaizidi ile ya monita nzima ya mtumba.

Na ukija na CPU, njoo na kebo yako ileile. Tukitumia ya kwetu, huenda tatizo tukaliacha nyumbani kwako.