Kabla hujapanda treni ukaiacha ndege ya Kigoma

Umekatiwa tiketi moja, Kigoma–Dar es Salaam–Guangzhou, kwenda na kurudi. Wiki ya safari inafika, unakumbuka kuna mtu wa kuonana naye Tabora, unaamua kuteremka na treni ya Reli ya Kati. Ndege utaikuta Dar. Unafika kaunta, unaambiwa jina lako halimo.

Hapo hakuna aliyekuhujumu. Kila kipande cha safari kwenye tiketi kinaitwa kuponi, na kuponi hutumika kwa mpangilio. Ukiiacha ya kwanza bila taarifa, mfumo unakuandika kuwa hukutokea, kisha unafuta zilizobaki, pamoja na ya kurudi. Mashirika yanafanya hivyo kwa sababu nauli hupangwa kwa safari nzima, na mara nyingine safari ndefu huuzwa bei ya chini kuliko kipande chake kimoja. Wangeruhusu watu kuchagua vipande, kila mtu angenunua ndefu akatumia anachotaka.

Kwa hiyo mpango ukibadilika, tupigie sisi tuliokukatia tiketi kabla ndege ya Kigoma haijaruka. Tiketi itatolewa upya kuanzia Dar. Utalipa faini ya mabadiliko, kama nauli yako ina faini, na tofauti ya nauli ya siku hiyo. Mara nyingi ni hiyo tofauti inayouma, si faini. Ndege ikisharuka bila wewe, masharti huwa makali zaidi, na kwa nauli za chini kabisa hela ya nauli inaweza kupotea yote. Hata hapo uliza kuhusu kodi na tozo za viwanja ambazo hujazitumia. Mara nyingi hurudishwa hata kama nauli hairudi, ila hakuna atakayekuletea bila kuomba.

Wapo wanaoona bora tiketi mbili, ya ndani peke yake na ya nje peke yake. Inakupa uhuru wa kwenda Dar kwa njia yoyote. Lakini ndege ya Kigoma ikichelewa, shirika la pili halina deni lolote kwako. Ukichagua njia hii, lala Dar usiku mmoja. Tazama pia kibandiko cha begi pale Kigoma: kikiandikwa DAR, begi unalichukua mwenyewe Dar na kulipeleka kwenye ndege ya pili, na Terminal 2 na Terminal 3 ni majengo tofauti. Kikiandikwa CAN, ndiyo Guangzhou, linaenda moja kwa moja. Na uzito unaoruhusiwa kwenye tiketi ya nje haukulindi kwenye ya ndani.

Sasa pointi, au maili, ambazo mashirika huwapa wanachama wao kwa kusafiri nayo. Wateja wetu wengi wana kadi tatu nne za mashirika tofauti, na zote hazina kitu. Chagua moja kulingana na njia unayopita sana. Ethiopian, kwa mfano, imo Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, tangu 2011, kwa hiyo namba moja ya uanachama inakusanya pia ukipanda Turkish au Air China. Ukifika daraja la Gold la muungano huo unaongezewa kilo 20, au begi moja pale mizigo inapohesabiwa kwa idadi. Kwa anayerudi na bidhaa, hilo lina faida kuliko tiketi ya bure ambayo kila ukiitafuta nafasi imejaa.

Pointi haziingii kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni jina. Kwenye tiketi jina la ukoo hutangulia, halafu mkwaju (/), halafu mengine. Mtu akijiandikisha uanachama kwa jina la baba na pasi ina la babu, mfumo haumtambui. Tutumie picha ya pasi, usitutajie majina kwa simu. Ya pili ni ile herufi moja ya daraja la nauli iliyo kwenye tiketi. Watu wawili wamekaa siti za jirani, mmoja anapata maili zote, mwenzake robo au sifuri, kwa kuwa nauli zao zina herufi tofauti. Mashirika mengine yameacha kabisa kuhesabu umbali. Yanahesabu hela uliyolipa.

Namba ya uanachama iingizwe wakati wa kukata tiketi. Ikisahaulika, tunza boding pasi na namba ya tiketi yenye tarakimu 13 (za Air Tanzania huanza na 197, za Ethiopian 071), uombe maili zako mapema, maana madai yana muda wake.

Kwa ofisi na kampuni za tumbaku za Tabora zinazolipia wafanyakazi: maili huingia kwa aliyesafiri, si kwa aliyelipa. Yapo mashirika yenye akaunti ya kampuni pembeni, inayopata pointi zake bila kumnyang'anya msafiri. Tuulizeni kabla ya kukata, maana safari ambayo ndege imeshatua mara nyingi haihesabiwi tena kwenye akaunti hiyo.