Vitofali vya mbao vya mjukuu wako

Hamburg, Ujerumani
9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Hofu yetu ni juu yenu mlioko Ngamiani, hasa mguu wa Mama. Ninakuandikia kwa jambo la karakana, kwa kuwa hapa sina wa kulizungumza naye.

Mjukuu wako ametimiza miaka mitatu, nami nimemtengenezea vitofali vya mbao vya kujengea. Nimefuata vipimo vya Caroline Pratt, mwalimu wa Kimarekani aliyefungua shule yake New York mwaka 1914: kitofali kimoja kina urefu wa inchi tano na nusu, yaani takriban milimita 140, upana ni nusu ya urefu, na unene ni nusu ya upana. Kwa hiyo viwili vikilazwa kimoja juu ya kingine, unene wao hulingana na upana wa kimoja, na vikipangwa ubavu kwa ubavu, upana wao hulingana na urefu wa kimoja. Mtoto haambiwi hesabu yoyote. Huikuta mwenyewe mikononi.

Sasa niungame. Nilichukua kitofali kizima, nikapiga mstari katikati, nikakata, nikitarajia vipande viwili vya milimita 70. Najua utacheka, maana tangu nilipokuwa nakushikia ubao ulinionya kwamba msumeno nao una chakula chake. Wangu ulikula milimita tatu, nikabaki na vipande vya 68 na nusu. Vinne viliposimamishwa kimoja juu ya kingine, vilikuwa vifupi kwa milimita sita kuliko vizima viwili, na ubao wa daraja uliolazwa juu yao ukainama. Mjukuu wako aliutazama kwa muda, akasema, "Nyumba inataka kulala."

Mara ya pili nilianza na kigezo, nikapima kila kipande kwa hicho kigezo na wala si kwa kipande kilichotangulia, nikakata nje ya mstari, kisha nikamalizia kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka. (Ni msasa wa dukani, majani ya msasa aliyokuwa akisugulia Babu huku hayapo.) Kingo nimezivunja kidogo tu, kwani zikiviringwa mno vitofali havitulii. Rangi sikupaka, nimesugua nta ya nyuki.

Ombi langu ni kwamba umtengenezee mtoto wa Dada vitofali vya vipimo hivi hivi, ili tukija Desemba wajenge pamoja. Simfundishi fundi kazi yake, lakini vipande vya mtiki vinavyobaki chini ya meza yako vitafaa sana, mradi viwe vikavu. Mimi nimetumia mti ambao Wajerumani huuita Buche, na nyumba hizi za kupashwa moto zimeukausha kabisa. Ukifika kwenye unyevu wa bahari utanenepa kwa upana, ingawa kwa urefu hautabadilika sana. Kwa sababu hiyo sikutumii kitofali cha mfano. Nimekata kigezo cha bati, atakuletea jirani yetu anayerudi Tanga mwezi ujao. Tafadhali upime kwa hicho, na vyangu vikionekana vinene kidogo Desemba, usivipige randa kabla ya kuniuliza.

Msalimie Mama na Dada.

Ni mimi mwanao.