Swali uliloniuliza tukimenya viazi

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Neema,

Pole tena, maana pole ya msiba haiishi siku moja. Nilifika salama, ila kuanzia Mombo niliwekewa tenga la kabichi miguuni, magoti mpaka leo yananilaumu.

Nilikuahidi jibu la maandishi kwa sababu kule jikoni, akina mama wote wale wakisikiliza, nilishindwa. Uliniuliza: "Wewe uliyesoma falsafa chuo kikuu, Mlimani, hiyo falsafa yako inaweza kuthibitisha kwamba mbinguni na motoni kupo?" Nikajifanya nimekazana na kiazi. Nilijua hukutaka darasa. Ulikuwa unamuulizia marehemu kaka yako, na lile neno la mhubiri mgeni aliyesimama kando ya kaburi bichi akasema wanaokufa bila kutubu "tunajua waliko".

Basi sikiliza. Plato, mwanafalsafa wa Wagiriki wa kale, ametuachia habari ya siku ya mwisho ya mwalimu wake Sokrate, aliyehukumiwa kunywa sumu gerezani Athene, mwaka 399 kabla ya Kristo. Rafiki zake wamemzunguka, naye anawapa hoja moja baada ya nyingine kwamba roho haifi. Kisha anawasimulia safari ya roho baada ya kifo, mito ya moto ya wabaya na makao mazuri ya wema. Ninachompendea ni kwamba akishamaliza anakiri: mtu mwenye akili hatashikilia kwamba mambo yako vilevile kama alivyoyaeleza, ila ni imani ambayo inafaa mtu ajitose nayo. Huyu ni mtu ambaye kikombe cha sumu kiko njiani, na bado hasemi "najua". Yule mhubiri alikuwa anasubiri pilau tu.

Upande wetu Waislamu yuko mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki 1037. Yeye aliona akili inaweza kufika hadi kwenye roho kubaki baada ya mwili, pamoja na raha yake au machungu yake. Kufufuka kwa mwili, alisema, tunakujua kwa sheria na kwa kusadiki habari za Mtume. Hoja haifiki huko. Baadaye Ghazali, mwanazuoni wa dini, akawajia juu wanafalsafa, akawahesabia masuala 20, na matatu kati ya hayo akayaita ukafiri. Mojawapo ni kukana ufufuo wa miili. Lakini tazama vizuri, Neema: hata Ghazali hakudai kwamba falsafa inauthibitisha moto. Alidai haina ushahidi wa kuukanusha. Hiyo ni kazi tofauti kabisa.

Pascal, yule Mfaransa wa hesabu, nampita haraka. Anataka ucheze dau: ukiamini na Mungu asiwepo hujapoteza kitu, usipoamini naye akawepo umekwisha. Mimi nimelelewa kwamba kamari ni haramu, na hata ingekuwa halali, mtaani kwetu kuna misikiti miwili na makanisa matano. Dau niliweke wapi?

Hoja inayonikaba koo ni ya Kant, mwanafalsafa Mjerumani, ya mwaka 1788. Anasema akili yenyewe inadai wema na furaha vikutane, na hapa duniani havikutani. Wewe na mimi tunamjua aliyekufa bila hata godoro, na tunamjua aliyechukua kiwanja cha mayatima na sasa anaamkiwa kwa heshima. Kwa hiyo, anasema, anayeishi kwa uadilifu hana budi kuchukulia kwamba Mungu yupo na kwamba uhai unaendelea. Hadai kwamba anajua. Nikiwa mwanafunzi niliisoma sehemu hiyo usiku nikalia, nikaona nimeshapata. Asubuhi nikajiuliza: kiu ya mtu imechimba kisima lini?

Sasa huo moto wa milele. Thoma wa Akwino, mtakatifu na mwalimu wa Kanisa lenu, anautetea hivi: dhambi inapimwa kwa ukubwa wa aliyekosewa, na Mungu hana mwisho, kwa hiyo adhabu nayo haina mwisho. Haya, kuku wa Sultani akiibiwa, aliyeibiwa ni mkubwa, lakini kuku si ni yuleyule? Hume naye, mwanafalsafa wa Uskoti, katika insha iliyotoka 1777 yeye akiwa ameshazikwa, aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu nikaridhika: pepo na jehanamu vinataka watu wa aina mbili, wema na wabaya, ilhali wengi wetu tunaelea katikati. Hapo nilimwona kaka yako. Alikunywa, ndiyo. Alimpiga yule fundi, nalo tusilifiche. Na ni yeye aliyewabeba wajawazito usiku kwa bodaboda yake mpaka hospitali bila kuwadai hata ya mafuta. Mstari wa kumgawa utaupitisha wapi? Wala dini zetu hazikulikwepa hilo. Ninyi Wakatoliki mna toharani, mahali pa roho kutakaswa kabla ya mbinguni, sisi tuna sura nzima inayoitwa kwa jina la Aaraf, mahali palipoinuka ambapo watu wamesimama, peponi hawajaingia, wanatumaini.

Na kuna bibi yako, aliyemwaga tone la mbege chini kabla ya kunywa. John Mbiti, mchungaji na mwanazuoni wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Waafrika wengi wa asili hakukuwa na mbingu ya kutarajia wala moto wa kuogopa. Marehemu alibaki karibu maadamu yuko anayemkumbuka kwa jina. Hata neno kuzimu lina shina moja na mzimu. Palikuwa mahali pa wafu wote, hapakuwa jela.

Jibu langu basi: falsafa haiwezi kuthibitisha. Inaweza kukuonyesha kwamba anayeamini si mjinga, ikakufikisha mlangoni, lakini funguo haina. Mimi naswali na ninaamini akhera. Imani hiyo nilipewa na mama yangu kabla sijajua kusoma, na vitabu vya Mlimani havikuiongeza wala kuipunguza. Kaka yako yuko wapi, siwezi kukuambia. Ninachoweza kukuambia, na hapa nina uhakika, ni kwamba yule mhubiri naye hajui, na hakuwa na haki ya kusema anajua mbele ya mama yako.

Arobaini nakuja. Niambie nilete nazi au samaki mkavu. Na lile koti lake la kuendeshea pikipiki wasiligawe kabla sijafika. Mwanawe mkubwa alinivuta pembeni akaniomba nimsemee, anaogopa kuliomba mwenyewe.

Wako,
Salma