Barua kwa mwanangu: yatazame majani kabla ya kuhesabu magunia

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Sisi hapa nyumbani tu wazima. Nimefurahi kwamba utalilima tena lile shamba la Mbozi, lakini uliponieleza kuwa utapanda mahindi juu ya mabua ya mahindi kwa msimu wa tatu mfululizo, nimeona nikuandikie kabla hujanunua mbegu.

Ninachokihofia ni ugonjwa wa madoa ya kijivu, unaoletwa na kuvu. Barani Afrika ulitambuliwa mwaka 1988 katika mashamba ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, na katika miaka ya 1990 ulikuwa umekwisha kufika Afrika Mashariki. Huko Mbozi umande na mvua za mfululizo huyaacha majani yakiwa yameloa maji kwa saa nyingi, na hiyo ndiyo hali inayoupendeza.

Wengi hawaushtukii, kwa kuwa mmea haunyauki ghafla. Huanza kwenye majani ya chini kwa vidoa vidogo vyenye duara la njano, kisha hupita wiki mbili au zaidi kabla doa halijakomaa na kutoa mbegu za kuvu zinazopeperushwa hadi majani ya juu. Chuma jani ulielekeze kwenye jua: utaona mabaka membamba ya kijivu au kahawia yaliyobanwa kati ya mishipa ya jani, kingo zake zimenyooka kana kwamba zimekatwa kwa wembe. Usiuchanganye na bakajani, ugonjwa mwingine wa majani ya mahindi, ambao mabaka yake ni makubwa, yamechongoka ncha zote mbili na hayafuati mishipa.

Majani yaliyo juu ya hindi, pamoja na lile lililolishika hindi lenyewe, ndiyo yanayotengeneza sehemu kubwa ya sukari inayojaza punje. Yakikauka mapema baada ya mbelewele, yaani ua la kileleni, kutoka, punje hubaki nyepesi, na mmea, kwa kulazimika kuzilisha, hunyonya akiba iliyomo kwenye bua, hata bua likadhoofika, likaoza na kulala kwa upepo mdogo tu. Ndiyo maana mtu huona shamba limebeba vizuri, kisha anapopukuchua magunia hayafiki. Ugonjwa ukiwahi, hata nusu ya mavuno inaweza kupotea.

Sikwambii uyachome mabua, maana udongo wako unayahitaji. Kuvu hii huishi kwenye masalia ya mahindi yaliyo juu ya ardhi, wala haishiki maharage; basi upande wa bondeni, wenye unyevu mwingi, panda maharage msimu huu, mabua yaoze taratibu. Upande wa juu weka mahindi ya mbegu stahimilivu, kwa kuwa upepo utaleta ugonjwa kutoka kwa majirani hata ukijitahidi vipi. Waulize wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, na usitegemee aina moja peke yake: mwaka 1970 Marekani ilipoteza takriban asilimia 15 ya mahindi yake kwa aina nyingine ya bakajani, kwa sababu mashamba mengi yalikuwa na mbegu zenye udhaifu uleule.

Dawa ya ukungu inafaa ikipulizwa karibu na wakati wa mbelewele, majani ya juu yakiwa bado mazima. Jani lililokwisha kufa halirudishwi. Mahindi yakikaribia kutoa mbelewele, nitumie picha za majani ya chini na ya katikati, tuamue pamoja kama fedha ya dawa itolewe.

Ni mimi mama yako